Lusina imewanyonyoa manyoya sungura wangu

SWALI: Shikamoo mama. Nina sungura 14 hapa Kongwa. Kiangazi hiki majani yameisha na chakula cha dukani kimenishinda bei. Nilikausha majani ya mti wa lusina, nikayatwanga, nikawapa nusu kwa nusu na pumba ya mahindi. Hii ni wiki ya tatu na manyoya yanawatoka, madume kwa majike. Niendelee?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Acha leo hii. Jike akikaribia kuzaa hujinyofoa manyoya ya kifuani atandike kiota, hilo lisikutishe. Lakini dume hatandiki kiota. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, na nusu nzima ya chakula ni nyingi mno. Hata mimi yalinikuta hapa Hombolo: nilimshika dume wangu wa kijivu mgongoni, nikabaki na manyoya kiganjani kama pamba. Nilipoiondoa lusina, yaliota tena.

Sasa natumia majani ya mlonge. Kausha kivulini juu ya jamvi, ukigeuza asubuhi na jioni. Juani majani hupauka na vitamini A hupotea. Usitie guniani mpaka jani livunjike ukilifikicha, maana likibaki na unyevu litaota ukungu, na ukungu unaua sungura. Kilo 10 mbichi hukupa kama 2 tu kavu, kwa hiyo anza kuchuma masika, usingoje Agosti.

Ukitwanga, acha chengachenga. Unga laini kama vumbi huwapigisha chafya, wakaukataa. Mimi huunyunyizia maji kidogo pale pale ninapolisha, na kinachobaki jioni nakitoa.

Kwa kilo 10 changanya pumba 5, mashudu ya alizeti 3 (huku kwetu hayakosekani), unga wa mlonge 2 na chumvi gramu 50. Protini itafika kama asilimia 17, inawatosha hata wanaonyonyesha. Waingize kwenye chakula hiki taratibu kwa siku 10. Na nakusihi, nyasi kavu zisikosekane kizimbani usiku na mchana. Bila nyuzinyuzi tumbo la sungura husimama, na akishajaa gesi ni vigumu kumwokoa. Maji pia yaongeze, chakula kikavu kinatia kiu.

Milusina yako usiikate. Kama una mbuzi, wape majani yake kidogo kidogo pamoja na malisho mengine.