Chembe za dhahabu hazilingani: tatizo liko wapi?

SWALI: Wataalamu, natengeneza chembe nano za dhahabu ndani ya kimiminika cha ioni (chumvi iliyo majimaji), BMIM-BF4. Nadondosha borohidridi ya sodiamu, inayogeuza chumvi ya dhahabu kuwa metali, tone kwa tone huku nikikoroga, lakini kwenye mikroskopu ya elektroni chembe za nanomita 4 zimechanganyika na za 30. Nakosea wapi?
Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

JIBU: Hiyo tone kwa tone ndiyo inayokuponza. Chembe hulingana pale viini vyote, yaani vijipunje vya kwanza vya dhahabu, vinapozaliwa kwa mpigo mmoja, kisha vikakua pamoja. Mnato wa kimiminika hicho ni karibu mara mia ya ule wa maji, hivyo tone hubaki palepale lilipoangukia. Tone linalofuata huzaa viini vipya na kuvinenepesha vya zamani.

Yeyusha miligramu 20 za asidi ya kloroauriki, yenye dhahabu, katika mililita 5 za kimiminika hicho, na miligramu 10 za borohidridi mpya katika mililita 5 nyingine. Hapo ni takriban moli tano za borohidridi kwa moja ya dhahabu. Chuja mchanganyiko wa borohidridi, maana punje moja isiyoyeyuka hugeuka kitovu cha mabonge. Sukuma vyote kwa sirinji mbili, kasi sawa, kwenye kiungo cha T chenye mrija mwembamba sana. Mrija ukiwa mpana, vijito viwili hupita sambamba bila kuchanganyika. Chombo cha kupokelea usikizibe: hidrojeni inatoka.

Rangi ya mvinyo mwekundu ni dalili njema. Zambarau au buluu, chembe zimeanza kushikana.

Matokeo yakibadilika kila ukifungua chupa mpya, shuku maji na kloridi. Maji hupunguza mnato, mabaki ya kloridi huuongeza. Kausha kwa nyuzi 70 chini ya pampu ya ombwe usiku kucha, kabla ya kuweka dhahabu. Kloridi ipime kwa nitrati ya fedha: ukungu mweupe ukitokea, irudishe chupa kwa muuzaji.

Halafu hizo za 30 zitazame vizuri. Ukiosha kimiminika chote kwa asetoni, unaondoa kinachozitenganisha, nazo hugandana juu ya gridi, kijiwavu cha kuwekea sampuli kwenye mikroskopu. Bonge lenye mipaka ya ndani si chembe moja. Pima angalau chembe 200.

SWALI: Naweza kutumia BMIM-PF6, kimiminika kingine cha ioni?

JIBU: Ndiyo. Kundi la mkemia Jairton Dupont, Brazili, lilipata chembe za iridiamu za nanomita 2 humo mwaka 2002, kwa hidrojeni ya atmosfia 4 na nyuzi 75. Ila ikipata maji na joto hutoa asidi ya hidrofloriki, inayokula kioo na kuunguza hadi mfupa. BF4 nayo hufanya hivyo.