Sifuri ya daftari lisiloletwa

SWALI: Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ana 70, 80 na 90. Zoezi moja hakuleta, nikampa 0. Wastani ukawa 60. Nimemtendea haki?
Mwalimu wa hisabati, Pangani, Tanga

JIBU: Hapana, mwalimu. 60 ni C; bila sifuri hiyo ana 80, yaani A. Umepima uzembe, hukupima hisabati. Andika “HJ” (hajaleta), mpe wiki moja alifanye baada ya vipindi, ndipo ujaze alama. Uchelewaji uandike kwenye safu ya mwenendo. Na ukisahihisha, onyesha kwanza kosa lilipo: “Umehamisha −3 upande wa pili wa = bila kuigeuza kuwa +3.” Maksi zije kesho yake, maana akishaziona, maelezo hayasomi tena.