Kaktasi ndefu ya Moshi inayochanua bila kuzaa: ni mti gani huu?

Dada uliyeuliza kuhusu mti wa miiba kwenye nyumba mliyohamia Moshi, nimesoma maswali yako matatu. Je, ni kaktasi kweli, au ni ule mti wa porini wenye maziwa? Je, jina Cereus peruvianus ulilopewa na muuza miche ni sahihi? Na kwa nini unachanua mwaka wa nne sasa bila kutoa hata tunda moja? Nina kitalu cha miche kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, upande wa Usa River, huu mwaka wa kumi na sita, na mmea huu nimeishi nao. Niwie radhi kwa urefu wa jibu, ila waliotangulia wamechanganya mimea miwili isiyofaa kabisa kuchanganywa.

Kitalu kikiwa na mwaka wa pili, mteja mmoja hapa Arusha alitaka tumpunguzie "kaktasi" iliyoegemea ukuta wake. Nami nikaiita kaktasi, kwa kuwa mtaa mzima unaiita hivyo. Kijana niliyemtuma akaipiga panga kama anavyokata mgomba, na maziwa yakamrukia jicho la kulia. Tulimwosha kwa maji safi yanayotiririka zaidi ya robo saa, kisha tukamkimbiza hospitali. Siku tatu hakuona vizuri kwa jicho lile, ndipo likaanza kurudi. Haikuwa kaktasi. Ulikuwa Euphorbia candelabrum, mti wetu wa asili, wenye matawi yanayoinuka kama kinara cha mishumaa. Tangu siku ile sivumilii mtu akisema jina ni jina tu.

Urefu, mbavu na miiba havitakusaidia kutofautisha. Mimea hii haina undugu wa karibu, ila kila mmoja ulipambana na ukame kwenye bara lake, na yote ikaishia na umbo moja: shina nene la kijani linalofanya kazi ya majani, lenye mbavu za kuliwezesha kutanuka. Kutanuka huko nimekuona kwa macho. Mwezi Februari nilifunga uzi kulizunguka shina la kaktasi yangu, uzi ukiwa umelegea. Masika yalipokolea uzi ulikuwa umezama kwenye ngozi, ikabidi niukate.

Tazama pale mwiba unapotokea. Piga picha kwa simu kisha uikuze. Kwenye kaktasi, miiba hutoka kwa fungu kutoka kwenye kitako kidogo chenye manyoya, kama kipande cha blanketi la kijivu. Wataalamu wanakiita areoli, nacho ni tawi lililofupika kabisa, na miiba ni majani yake yaliyogeuka. Maua na matawi mapya hutokea hapohapo. Hakuna familia nyingine ya mimea yenye areoli. Euphorbia haina manyoya hayo: ukingoni mwa ubavu utaona miiba mifupi, miwili miwili, imekaa juu ya kigamba kigumu kama ukucha.

Ukiwa bado na shaka, vaa miwani na glavu, toboa shina kwa sindano. Usikate. Maziwa meupe ni Euphorbia. Majimaji yenye ute kama wa bamia ni kaktasi. Zipo kaktasi za jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Mammillaria zenye maziwa, lakini hizo ni vimviringo vidogo vya kwenye chungu, si mti wa mita sita.

Undugu wao ndio unaonifurahisha kuliko yote. Katika mpangilio wa sasa, unaotegemea vinasaba, kaktasi ziko kwenye oda (kundi la familia nyingi) ya Caryophyllales, pamoja na mchicha, bitiruti na bogonvilia. Euphorbia iko Malpighiales, na familia yake ndiyo ya muhogo, mbarika na mnyaa wa kuzungushia maboma. (Mnyaa huo kwa Kimasai ni emanyara, na inasemekana Ziwa Manyara lilipata jina lake hapo.) Yaani kaktasi yako iko karibu na mchicha wa bustanini kuliko na mti uliomuumiza kijana wangu. Asili yake pia ni mbali. Kaktasi zote ni za mabara ya Amerika. Ni moja tu, Rhipsalis baccifera, inayopatikana pia porini Afrika, Madagaska na Sri Lanka, nayo huning'inia juu ya miti ya misitu yenye unyevu. Aliyekuambia mti wako ni wa asili ya Kilimanjaro amekosea.

Kuhusu jina. Cereus ni Kilatini, maana yake mshumaa wa nta. Jenasi hiyo iliwekwa na mtaalamu wa mimea Philip Miller mwaka 1754, na kwa muda mrefu kaktasi za nguzo zilirundikwa humo. Hata saguaro wa Arizona, ile ya kwenye filamu za kauboi, mtaalamu mwingine, Engelmann, aliieleza mwaka 1848 kama Cereus giganteus, na ni mwaka 1908 wataalamu Britton na Rose walipoipa jenasi yake, Carnegiea. Jina "peruvianus" lilianza na Linnaeus, aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi ya mimea, mwaka 1753, halafu likabandikwa kwenye mimea tofauti kizazi baada ya kizazi. Leo anayeuza "peruvianus" mara nyingi anauza Cereus hildmannianus, iliyoelezwa na Schumann mwaka 1890, ambayo kwao ni kusini mwa Brazili na nchi jirani, wala si Peru. Wengine wanalitumia kwa Cereus repandus ya Venezuela na Curaçao, ambayo mbavu zake hufika tisa au kumi. Picha yako inaonyesha mbavu sita nyembamba, kijani chenye ubuluu, miiba michache. Ingekuwa Cereus jamacaru ya kaskazini mashariki mwa Brazili, miiba ingekuwa mirefu na mingi zaidi. Mimi nauita hildmannianus.

Sasa matunda. Nilikesha na ua moja mara ya kwanza nikiwa na tochi na kiti cha plastiki. Tumba lilikuwa refu kama kiganja na vidole vyake. Saa mbili usiku ncha ikaachia, saa nne lilikuwa wazi lote, jeupe, pana kama sahani, harufu imejaa uwanja, na nondo wakubwa wakawa wanaelea mbele yake bila kutua. Jua lilipopanda likalegea. Siku chache baadaye likaanguka, kama yako yanavyoanguka.

Sababu ni kwamba stigma (sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua) ya kaktasi hii haiikubali chavua ya mti wake wenyewe, na huku kwetu inasambazwa kwa kukata vipande na kuvichomeka. Ukipanda vipande kumi vya mti mmoja, una mti mmoja wenye miguu kumi. Vyangu vyote vilitoka kwenye shina moja. Nilipopata chavua ya mti wa mtu mwingine, wa ukoo tofauti, nikaipaka kwa brashi laini saa tano usiku, kitako cha ua kikabaki kijani na kuanza kuvimba. Baada ya miezi miwili hivi tunda lilipasuka lenyewe: ngozi ya waridi isiyo na mwiba, nyama nyeupe, mbegu nyeusi kama habasoda. Linaliwa, tamu kidogo na la baridi mdomoni.

Kwa hiyo usiukate. Nipigie picha areoli moja kwa karibu uiweke hapa. Tumba likivimba na ncha ikianza kuwa nyeupe, niambie asubuhi hiyo. Kama na wangu una ua, nitalileta Moshi jioni.