Feni Inapolalamikiwa Kabla Kompyuta Haijawaka: Kwa Fundi Anayeanza

Kompyuta kuukuu inapowashwa ikasimama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikisema kwamba feni ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ina hitilafu na kutaka kibonye cha F1 kibonyezwe ndipo iendelee, wanagenzi wengi hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama hubonyeza F1 na kuendelea na shughuli zao, ama hukimbilia kununua feni mpya. Nimefanya yote mawili katika miaka yangu ya mwanzo, na yote mawili yalinigharimu. Nimewahi pia kumwona mwenzangu akisakinisha Windows upya ili onyo hilo liondoke, jambo lisilowezekana hata kidogo, kwa sababu onyo hutolewa na BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, wakati mashine inajikagua, kabla diski haijaguswa.

Ni vyema kuelewa kwanza mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa, imejuaje kwamba feni ina tatizo, kwa kuwa hapo ndipo utafutaji wote unapoanzia. Feni ya prosesa huwa na nyaya tatu au nne. Mmoja huleta umeme wa volti 12, mmoja huurudisha, na wa tatu hupeleka mapigo mawili kwa kila mzunguko mmoja wa feni. Wa nne, pale unapokuwapo, hutumiwa na mazabodi kuiamuru feni iongeze au ipunguze kasi. Mazabodi huhesabu mapigo ya ule waya wa tatu, hukokotoa mizunguko kwa dakika, na hesabu ikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, ambacho katika mazabodi nyingi ni 600, hutoa onyo. Haioni feni, inahesabu mapigo tu. Feni iliyokufa kabisa, feni inayojikokota, na feni nzima ambayo waya wake wa mapigo umekatika, zote huandikiwa ujumbe uleule.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni jicho, wala si bisibisi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu wa kasha. Hakikisha hakuna kebo iliyolegea na kuegemea mapanga ya feni, maana hilo peke yake limewahi kunimalizia kazi nzima kwa kipande cha kamba ya kufungia. Baada ya hapo rudisha umeme, weka mikono mbali, washa, na utazame feni kwa sekunde kumi za mwanzo bila kuhamisha macho kwenda kwenye skrini.

Nilijifunza thamani ya sekunde hizo kwa mashine moja ambayo mwenyewe aliileta mara tatu. Kila akiileta mchana, ilikuwa inawaka bila neno. Mara ya tatu nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza: onyo hutokea kila anapowasha, au hutokea mashine ikiwa imelala usiku kucha? Akajibu, "Asubuhi tu, fundi. Nikizima na kuwasha tena, linaondoka." Nilimwomba aiache, na asubuhi iliyofuata niliiwasha kasha likiwa wazi. Feni ilitikisika, ikasogea robo mzunguko, ikarudi nyuma kidogo kama inayosukumwa na upepo, kisha ikaanza kuzunguka kwa kusitasita hadi ikashika kasi. BIOS ilikuwa imekwisha kuhesabu wakati feni ingali inajikokota. Grisi ndani ya beringi, sehemu inayoshikilia ekseli ya feni, ilikuwa imekauka, hivyo ilihitaji kupata joto kwanza, na ndiyo maana kuwasha kwa mara ya pili kulionekana kama dawa.

Jaribio la kuthibitisha hali hiyo ni rahisi. Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, sukuma panga moja kwa ncha ya kidole. Feni nzima huendelea kuzunguka kwa muda kisha husimama taratibu, ilhali iliyokauka husimama mara tu kidole kinapoondoka, na iliyochakaa huyumba kwenye ekseli yake. Wapo wanaobandua kibandiko cha katikati na kutia tone la mafuta mepesi, kama ya cherehani. Njia hiyo hufanya kazi kwa baadhi ya feni, lakini kwa maoni yangu ni ya kununulia muda hadi feni mpya ipatikane. Usimkabidhi mtu mashine yenye feni ya namna hiyo ukamwambia kwamba imepona.

Vumbi nalo lina utaratibu wake. Shika mapanga yasizunguke unapopuliza, kwa kuwa kuyazungusha kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa huumiza beringi, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani karibu na mazabodi, kwa sababu huweza kujenga umeme tuli. Vumbi baya zaidi halionekani kwa juu: limejazana kati ya feni na mapezi ya hitisinki (kipande cha metali kinachopoozea prosesa), likiwa zito kama kipande cha blanketi. Katika mashine nyingi feni hutolewa peke yake kwa kufungua skrubu nne au klipu, na hitisinki ikabaki mahali pake. Iache ibaki ukiweza. Mimi niliwahi kuing'oa kwa nguvu kutoka kwenye kompyuta iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa, na prosesa ikang'oka nayo, imenata kwa pesti ya kupitishia joto iliyokauka, huku kishikizo cha soketi kikiwa bado kimefungwa. Nilitumia alasiri nzima kunyoosha pini kwa sindano. Ikibidi kuitoa, iache mashine iwake dakika chache ili pesti ilainike, izime na uichomoe, kisha izungushe hitisinki kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinyanyua. Na ukishaitoa, ni lazima usafishe pesti ya zamani na kupaka mpya.

Feni ikionekana inazunguka vizuri tangu mwanzo na onyo bado lipo, fuata waya wake hadi mwisho. Kwenye mazabodi, kando ya kila kituo cha feni, yaani pini ambako plagi ya feni huchomekwa, kuna maandishi madogo sana, na BIOS hulalamika kuhusu kile kilichoandikwa CPU_FAN. Mtu aliyesafisha mashine akachomeka feni ya prosesa kwenye kituo cha feni ya kasha atakuwa na feni inayozunguka kama kawaida na onyo lisilokoma. Feni mpya ya kwanza niliyoinunua bure iliishia hivyo: niliichomeka palepale ilipokuwa ya zamani, yaani mahali pasipo pake. Feni inayochukua umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha), au yenye nyaya mbili tu, haipeleki mapigo kabisa, kwa hiyo hata ikizunguka kama tufani mazabodi itaiona imekufa. Plagi ya matundu matatu hukaa kwenye kituo cha pini nne bila madhara, ila kompyuta nyingi za ofisini zina plagi za mpangilio wao wenyewe, na plagi isiyokubali kuingia haipaswi kulazimishwa.

Sasa kuhusu mipangilio. Ndani ya BIOS mna mahali pa kushusha kiwango cha chini cha mizunguko, na mara nyingi mna chaguo la kupuuza feni hiyo moja kwa moja. Kushusha hadi 300 au 200 ni halali pale ambapo feni ni kubwa, imeundwa kuzunguka polepole, na umeiona kwa macho yako ikizunguka. Kupuuza ni jambo jingine. Kabla hujafikiria hilo, fungua ukurasa wa BIOS unaoonyesha joto na uiache mashine hapo dakika kumi. Joto likitulia mahali fulani kati ya nyuzi 30 na 50, upoozaji unafanya kazi. Likipanda bila kusimama na kupita 80, zima. Prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi au kujizima zenyewe zikizidiwa, lakini usiichukulie kila mashine kuukuu hivyo: prosesa ya Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na kinga ya aina hiyo, ilhali prosesa za Athlon za wakati uleule ziliweza kuungua kwa sekunde chache zikikosa hitisinki.

Liko pia chaguo la kuiambia BIOS isisubiri F1 inapokuta kosa. Linafaa kwa kompyuta inayofanya kazi bila kibodi wala skrini. Niliwahi kuitwa kwa mashine ya kuhifadhia mafaili iliyokuwa "haipatikani" tangu umeme ulipokatika na kurudi. Nilipoichomekea skrini niliikuta inasubiri F1, usiku kucha, katika chumba kisicho na mtu.

Mwisho, tazama tarehe. Onyo ulilokwisha kulishughulikia likirudi ghafla, na saa ya kompyuta ikawa imerudi nyuma miaka kadhaa, mara nyingi kosa si la feni: betri ya mviringo ya CR2032, yenye volti 3, imekwisha, na BIOS imesahau kiwango ulichokiweka na kurudi kwenye 600. Betri hiyo ibadilishwe kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ile mashine ya asubuhi nilibadilisha feni, nikailaza dukani siku mbili, usiku ikiwa imechomolewa, na kila asubuhi nikaiwasha ikiwa baridi huku nikitazama mapanga. Siku ya tatu mwenyewe alikuja mapema, akaiwasha kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri ile skrini nyeusi, haikutokea.