Mwanangu, usiung'oe kwanza

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako na picha mbili. Unauliza mmea ulioparamia uzio wa nyuma ni mmea gani, maana programu ya simu imekupa majina matatu tofauti, na wewe unataka kuung'oa Jumamosi. Naomba usiuguse bado.

Programu hiyo umeionyesha jani tu, na jani peke yake halitoshi. Vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja utavikuta kwenye kunde, maharage, fiwi, na ndugu zao wengi wa porini. Kilichonishtua ni maua uliyoyataja, ya zambarau iliyokolea, yanayoning'inia kwa vichala. Upupu huchanua hivyo.

Basi nenda ukautazame, mikono mgongoni. Anza na namna mmea unavyopanda uzio. Kama ni shina lenyewe linalojizungusha kwenye waya, bado tumo kwenye kunde na upupu. Ukiona vikono vyembamba vilivyojikunja kama springi, nitakuwa nimekosea: vikichipuka kwapani mwa jani, huenda ni pasheni mwitu, vikichipuka upande wa pili wa shina, mkabala na jani, ni jamii ya mzabibu. Kisha tafuta maganda. Ya kunde ni membamba, marefu, hayana manyoya. Ya upupu ni manene, yamepinda mfano wa herufi S, na yamevaa manyoya ya kahawia yanayong'aa kama mahameli. Yanavutia mkono, hasa mkono wa mtoto.

Manyoya hayo ndiyo yanayowasha. Yana protini iitwayo mukunaini, na ganda likishakauka hupukutika kwa kutikiswa kidogo tu, upepo ukayabeba. Nilipokuwa na umri kama wako niling'oa kwa mikono mitupu, wakati wa kiangazi, mmea nilioudhani maharage mwitu. Kila nilipojikuna nikazidi kuyasambaza, na usiku ule sikulala. Ningejua, ningeyabandua kwanza kwa utepe wa gundi, bila kusugua, ndipo nioge. Machoni ni balaa kubwa zaidi, na ndiyo maana namuwaza mjukuu wangu anayecheza hapo nyuma. Mzuie kuanzia leo, hata kabla hatujajua jina.

Kama maganda hayajatoka, au bado ni machanga, kazi ni nyepesi: glavu, shati la mikono mirefu, miwani, ukate shina na kung'oa mzizi kabla mbegu hazijakomaa. Kama yamekwisha kukauka, ngoja siku isiyo na upepo, uyaloweshe vizuri kwa maji, uyakate polepole na kuyafunga ndani ya mfuko. Usiyachome moto kamwe.

Na uzio mmoja waweza kubeba mimea miwili. Ukikuta mbegu nyekundu zenye doa jeusi, kwenye mmea wenye vijani vidogo vingi kama vya mkwaju, hizo ni za mturituri. Ni sumu kali zikitafunwa. Ziokote zote, hata zilizoanguka chini.

Nitumie picha tatu: ua kwa karibu, ganda, na pale jani linaposhikana na shina. Kisha nipigie, kabla hujashika panga.

Mama yako