Duara Linalozunguka Halimlazi Mtu

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mwanangu wa miaka 13 anapenda majarida ya katuni ya Marvel, na siku hizi hana habari nyingine ila jambazi mmoja aitwaye Ringmaster, bwana wa sarakasi mwenye kofia ndefu yenye duara linalozunguka. Anayelitazama anapumbaa na kutii lolote. Kijana amepakua duara kama hilo kwenye simu, na kila jioni anamwekea mdogo wake usoni. Huyu mdogo ana miaka 8 na anang'ata kucha hadi damu. Jirani ananiambia kuna mtaalamu wa hipnosi, ile ya kumtuliza mtu kwa maneno hadi azame na kufuata anachoambiwa, anayemaliza tatizo hilo kwa siku moja. Je, duara lina madhara? Na huyo mtaalamu nimpelekee mtoto?

JIBU: Mama, duara la simu litampa mtoto kizunguzungu, basi. Kama ana kifafa, picha za kumwekamweka zisimkaribie kabisa. Majarida usimnyang'anye kaka mtu.

Ringmaster namfahamu. Alitokea mwaka 1962 katika The Incredible Hulk namba 3, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Genge lake linaingia mjini kama sarakasi ya kawaida, hema linajaa, watu wanapumbazwa, kisha wanaporwa. Mwambie kijana akuonyeshe toleo la mwaka 1964 ambamo hata shujaa Spider-Man anapumbazwa, na anayenusurika ni shujaa mwenzake Daredevil, kwa kuwa ni kipofu na duara halioni. Hadithi imesukwa vizuri mno. Lakini hapo hapo ndipo lilipo kosa linalonichosha kila wiki, pale mtu anapoketi mbele yangu na kuanza kukagua mikono yangu, akitafuta saa ya mnyororo ya kumbembeza nayo machoni.

Kipofu huingia kwenye hipnosi kama mtu mwingine yeyote. James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester ambaye kwake ndiko tulikolipata neno hili, alikuwa akiwakazisha watu macho kwenye kibeti chake kinachong'aa cha visu vya upasuaji. Ila katika kitabu chake cha mwaka 1843 alieleza kwamba jambo hilo lilifanikiwa hata kwa vipofu. Kumbe nguvu haikuwa kwenye kibeti. Kazi hufanywa na maneno, na umakini wa mtu aliyekubali kuyafuata. Tena watu hatulingani: wachache huzama upesi, wengi huishia katikati, na wengine hawaingii hata ukikesha nao. Hema zima kulala kwa mpigo mmoja ni jambo la kwenye karatasi tu.

Na utashi je, haupotei? Mwaka 1965 watafiti wa hipnosi Martin Orne na Frederick Evans waliwaambia watu waliotiwa hipnosi washike nyoka wa sumu na wachovye mkono kwenye asidi, huku wameandaliwa kinga bila wao kujua. Kati ya sita, watano walitii. Wengine sita waliombwa wajifanye tu wametiwa hipnosi, na hao walitii wote! Hawakupokonywa akili. Walikuwa ndani ya maabara, mbele ya wataalamu, wakaamini kwamba hakuna atakayewaacha wadhurike.

Imani hiyo ndiyo wanayoifanyia biashara matapeli, mama, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Niliwahi kumpokea binti mwenye kovu la moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mtu mmoja aliyejiita bingwa wa hipnosi alimwambia kwamba kifafa chake ni hofu ya utotoni, akamuuzia sauti za kusikiliza usiku na kumwachisha vidonge. Wiki ya tatu binti alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye sufuria ya uji. Bingwa hakuwa na duara wala kofia. Alikuwa na shati jeupe na sauti ya upole.

Hipnosi ya kweli inasaidia, hasa kwenye maumivu na kwenye hofu ya matibabu, na anayeitumia anapaswa kuwa tayari na ujuzi wa kutibu tatizo lenyewe. Kwa kucha, anza nyumbani: mtoto ajifunze kutambua mkono unapoanza kwenda mdomoni, akunje ngumi na kuishikilia dakika moja hivi, nawe umsifu. Zipe siku, si siku moja. Vidonda vikizidi au akionekana mwenye wasiwasi muda wote, mpeleke hospitali.

Na huyo wa jirani, kabla hujatoa hata senti, muulize amesomea tiba gani na amesajiliwa wapi. Muulize pia ni ugonjwa gani asioutibu. Akikosa jibu la hilo la mwisho, mshike mtoto mkono mrudi nyumbani. Akikwambia mtoto aache dawa yoyote aliyoandikiwa, ondokeni hapo hapo. Na akitaka kumfukulia "kumbukumbu zilizosahaulika", mkatalie katakata, maana mtu aliye kwenye hipnosi hubuni kumbukumbu bila kujua anabuni, kisha huziamini. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la California, Marekani, ilikataa ushahidi wa aina hiyo. Nimeona familia zikiacha kusalimiana kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea kamwe.