Anataka kobe? Mpe furu, ila tangi likae wiki nne hadi sita bila samaki

Swali lenu la wiki: mtoto hataki mbwa wala paka, anang'ang'ania kufuga kiumbe ambacho hakuna jirani anacho, mzazi afanyeje? Huku Mwanza kiumbe chenyewe huwa ni kobe, mtoto wa kenge, au kamongo, samaki mwenye mapafu, aliyemwona akivuta pumzi kwenye beseni la muuza samaki. Jibu langu ni furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria.

Kobe na kenge tuwamalize haraka. Ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama kobe mwenyewe kajileta shambani. Kamongo akikua hupita mita moja, na meno yake hayachezewi. Furu wa miambani huishia urefu wa kidole. Yupo wa kwenye mawe ya kisiwa cha Makobe aliyepewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei: dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi iliyosimama. (Makobe yenyewe, kwa hiyo mtoto hajakosa sana.)

Tangi litengenezwe na fundi wa vioo: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 45, kioo cha milimita 8. Juu, kwa ndani, agandishe vipande vya kioo vya upana wa sentimita 5 kandokando ya kuta ndefu, la sivyo maji yatazisukuma zibinuke nje. Silikoni iwe ile inayonuka siki ikikauka. Ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Likauke wiki nzima, kisha lijazwe uani siku mbili kabla halijaingia sebuleni. Maji ya kimo cha sentimita 40 ni lita 160, yaani ndoo nane, na hizo ni kilo 160 kabla ya kioo na mawe. Kimeza cha televisheni hakitafika Ijumaa. Chini ya tangi tandika sponji nyembamba, maana meza isiyo sawa hupasua kioo polepole.

Mawe ya Mwanza hayanunuliwi. Yasuguliwe, yachemshwe, yapangwe juu ya kipande cha sponji KABLA ya kumwaga mchanga. Wengi huanza na mchanga, halafu furu wanachimba chini ya jiwe, jiwe linaporomoka, kioo kinakwenda. Majani na konokono wa ziwani wasiingie kabisa: konokono ndio wanaotoa vijidudu vya kichocho, na mikono ya mtoto itakuwa humo kila wiki. Tumia maji ya bomba yaliyokaa saa 24 kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Hita haihitajiki, joto la huku linatosha. Pampu ndogo ya hewa yenye sponji ya kuchuja inahitajika.

Halafu subira. Tangi lenye maji, mawe na pampu inayofanya kazi likae wiki nne hadi sita bila samaki hata mmoja. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu; wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sponji na mawe, na huzaliana taratibu. Walishwe: kila siku mtoto atie dagaa wa kusaga, ncha ya kijiko cha chai. Kila Jumamosi apime amonia na nitriti kwa dawa ya matone na kuandika kwenye daftari. Amonia itapanda, itashuka. Nitriti itapanda, itashuka. Zote mbili zikisoma sifuri, tangi liko tayari. Ukiharakisha, samaki watahema juu ya maji siku ya tatu na kufa ya tano, na mtoto atadhani kawaua yeye. Na kama daftari limetupwa wiki ya pili, basi hamu ilikuwa ya wiki mbili, na hakuna kiumbe aliyeumia.

Kabla ya kuvua, mwone afisa uvuvi na viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa mwalo wenu. Furu avuliwe kwa ndoana ndogo iliyobanwa kijino, kwenye maji yasiyozidi mita mbili au tatu. Wa kina kirefu hufika juu tumbo limevimba hewa. Chukua dume mmoja na majike watano, kwa sababu jike akiwa peke yake hufukuzwa mpaka afe. Asafirishwe jioni kwenye ndoo yenye mfuniko. Mkifika, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa saa moja.

Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku: dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, na mchicha wa kuchemsha mara moja moja. Kila wiki toa ndoo mbili za maji, rudisha mbili. Sponji ikamuliwe ndani ya maji yaliyotolewa. Ukiiosha bombani, klorini inaua bakteria wengi na unaweza kuanza upya. Umeme ukikatika, mtoto achote maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kila robo saa.

Siku moja jike atakataa chakula, na chini ya kidevu patakuwa pametuna kama mtu aliyeficha karanga mdomoni. Hajaugua. Amebeba mayai, na atayabeba takriban wiki tatu. Msimwinde kwa wavu. Akishtuka huyatema au huyameza. Kama kuna tangi la pili, ahamishwe usiku taa ikiwa imezimwa. Akiwaachia watoto, mtoto wenu asogeze kidole taratibu kwenye kioo: wote watarudi mdomoni mwa mama yao.